Damu ya upande wa mama

Desemba ya mwaka 1984 kijijini kwetu Machochwe kulikuwa na saro, msimu wa tohara wa Wakurya. Mdogo wangu alirudi kutoka kwa ngariba amesindikizwa kwa nyimbo, filimbi na fimbo hewani. Hakuwa amepepesa jicho, na damu yake haikuzidi ya wenzake. Hilo ndilo lililotupoteza. Jioni, wenzake walipokuwa wameshakauka, yeye alianza upya. Damu haikuruka. Ilichuruzika tu, nyembamba, isigande, ikapita majani aliyofungwa, ikapita kanga ya mama. Beseni la bati chini ya kitanda likawa linamwagwa na kurudishwa, linamwagwa na kurudishwa, hadi alfajiri.

Wazee walikaa wakauliza nani amekosa. Ndipo shangazi mmoja akasema, kwa kushutumu, kwamba hata kaka yake mama aliondoka hivyo hivyo, kwenye saro ya zamani, kabla sisi hatujazaliwa. Kuanzia hapo mama akawa ndiye aliyeingiza mkosi kwenye mji wa watu. Nikikumbuka maneno yale leo, naona shangazi alikuwa ametaja ugonjwa wenyewe na njia yake: watoto wa kiume, kupitia kwa mama. Marabi wa Kiyahudi waliliona jambo hilo hilo zamani sana, na Talmud inamwondolea tohara mtoto ambaye ndugu zake wawili wamekufa kwa kutahiriwa. Kwetu tuliona, tukatafuta wa kumlaumu.

Asubuhi tulipata lori hadi hospitalini Mugumu. Wajomba wakatoa damu, naye akapona. Lakini goti lilianza kuvimba kila alipocheza mpira, na zahanati moja ikampa aspirini ya maumivu. Aspirini! Dawa inayozidisha kuvuja kwa mtu kama yeye. Alipofika utu uzima, goti lilikuwa limekakamaa.

Mimi nilisomea maabara kwa sababu ya beseni lile. Huko ndiko nilikokutana na jina la Rosemary Biggs, daktari wa Oxford, Uingereza. Yeye na wenzake, akiwemo Robert Gwyn Macfarlane, walikuwa na mgonjwa mdogo aitwaye Stephen Christmas, ambaye damu yake haikuganda. Wakaichanganya na damu ya mgonjwa mwingine wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda. Damu mbili zisizoganda kila moja ikiwa peke yake, zikiwa pamoja ziliganda. Maana yake kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake alikikosa: mmoja hana fakta 8, moja ya protini za kugandisha damu, mwingine hana fakta 9. Alfredo Pavlovsky wa Buenos Aires alikuwa ameshaona ajabu hiyo miaka ya 1940, lakini ni kina Biggs walioutenga ugonjwa wa pili, wakautangaza Desemba 1952 kwa jina la mtoto yule. Jaribio lenyewe halidai mitambo mikubwa: mirija ya kioo, maji ya uvuguvugu, saa, na mtu mvumilivu anayeinamisha mrija na kutazama. Nimelifanya kwa mikono yangu.

Kisha katikati ya miaka ya 1960, Judith Pool wa Stanford, Marekani, alibaini kwamba plazima iliyogandishwa ikiyeyushwa polepole kwenye baridi, yale masalia yanayobaki chini yamejaa fakta 8. Benki ya damu yenye friza na umeme wa uhakika iliweza kuyatengeneza. Nilihesabu miaka kutoka hapo hadi 1984, nikakasirika, na hasira hiyo haijaisha.

Mdogo wangu alipimwa akiwa mtu mzima, hospitali ya Muhimbili. Hemofilia A. Mama alikuwepo. Daktari akamweleza kwa upole kwamba kasoro hukaa kwenye kromosomu X; mama mwenye kuibeba, kila mtoto wa kiume ana nusu ya uwezekano wa kuugua, na kila binti nusu ya kuibeba. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo walisema kweli. Ni mimi." Daktari akamshika mkono: "Mama, na wewe ulipewa. Hukuichagua, na hukumkosea mtu."

Sijui kama neno hilo lilimtuliza. Najua alichokifanya aliporudi. Alizunguka kwa dada zake na mabinti zao, akiuliza nani ana mtoto wa kiume ambaye saro inamkaribia, akakataza asiguswe na kisu kabla ya kupimwa. Wengine walimfukuza. Mpwa wangu mmoja alipelekwa hospitali ya Bugando, akakutwa na hemofilia, akatahiriwa huko baada ya kuchomwa fakta. Wazee walinung'unika kwamba hakusimama mbele ya ngariba kama mura, kijana wa Kikurya. Mama aliwajibu hadharani kwamba kaka yake alisimama, na wao ndio waliomzika.