Daftari la Mwuguzi

Mwuguzi mmoja wa parokia yetu huku Ituri aliwahudumia wagonjwa wa akili na wenye kifafa kwa miaka mingi. Katika daftari lake aliandika jambo ambalo rejista haikulidai: mto ulio karibu na nyumba ya mgonjwa. Kurasa zilipojaa, akaona kwamba vijana wenye kifafa walitoka hasa kando ya mito yenye maji ya kasi. Ndipo akaiacha wodi, akasomea afya ya umma, akajiunga na watafiti vijijini.

Baadhi ya waamini walinung'unika: nani sasa atawapa wagonjwa dawa? Mimi naona hakuwaacha. Maji ya kasi huzaa inzi wadogo weusi waenezao usubi, ugonjwa upofushao macho, na uchunguzi uliofanywa hapa Ituri umeuhusisha na kifafa. Kijiji kizima kikimeza ivermektini kila mwaka, vijinyoo vya usubi hupungua mwilini. Mama aliyeambiwa kwamba mwanawe amerogwa anastahili kusikia hayo, tena kanisani.

Katika mafundisho ya kipaimara ninamketisha kijana mwenye kifafa benchi la mbele, kati ya wenzake. Wazazi wawili wamekwisha kuwaondoa watoto wao.