Gari Lilipona, Bei Haikupona

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za malezi, ndoa na afya. Leo tunaomba nafasi ya kuwaeleza habari za gari, maana jambo hilo liliingia nyumbani mwetu likagusa karo ya mtoto, usingizi wa baba na dhamiri zetu sote wawili.

Ilikuwa Oktoba 2022. Tulikuwa tukirudi Voi kutoka Mombasa, nyuma ya gari tumepakia vitambaa vya sare za kwaya. Pale Mariakani, karibu na mizani ya malori, foleni ilisimama nasi tukasimama. Gari la kampuni moja ya kusambaza mikate halikusimama.

Twamshukuru Mungu hakuna aliyeumia, ila shingo zilikaza kwa siku tatu. Dereva alikuwa kijana wa umri wa mtoto wetu wa kwanza. Alishuka akitetemeka, na kwa mazoea ya kazi tulimshika mkono tukahesabu mapigo yake kabla hata ya kutazama buti. Buti lilikuwa limekunjwa kama sufuria iliyoangukiwa na jiwe, na nguzo ya nyuma ya kushoto imepinda. Polisi walikuja, wakapima, wakaandika. Siku chache baadaye tukapewa abstrakti iliyoonyesha kuwa tuligongwa kwa nyuma tukiwa tumesimama.

Kampuni ya bima ya wale wenzetu haikubishana. Ilimtuma mkadiriaji wake, ikakubali kulipa gereji shilingi 214,000, kisha ikatuletea karatasi ya kutia sahihi. Baba watoto alikuwa amekwisha kushika kalamu. Lakini mmoja wetu ni muuguzi, na muuguzi hafundishwi tu kuwapa watu fomu za upasuaji watie sahihi, hufundishwa kuwasomea. Tukaisoma. Ilisema kwamba malipo hayo ni kamili na ya mwisho, na kwamba hatutadai kitu kingine chochote kutokana na ajali ile. Hatukujua tungedai nini tena, lakini maneno hayo hayakutupendeza. Tukaandika kwa mkono pembeni, "kwa matengenezo peke yake," tukatia sahihi chini yake, tukabaki na nakala.

Baada ya wiki tano gari likarudi linang'aa. Baba watoto alilizunguka mara mbili akasema, "Sasa ni kama lilivyokuwa." Tukasahau.

Tulikumbushwa Januari. Binti yetu alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, nasi tukaamua kuliuza gari ili alipiwe karo. Mnunuzi wa kwanza alikuja na fundi wake. Fundi yule hakuanza na injini. Alifungua buti, akainua zulia, akagonga bati kwa vifundo vya vidole, kisha akapitisha kidole kwenye mwanya wa mlango wa nyuma. Akasema, "Hili limegongwa." Sisi tulikuwa tumetumaini kupata kama shilingi 760,000. Mnunuzi akasema 640,000. Wa pili alipotajiwa ile ajali hakurudi tena.

Wa tatu alikuwa dalali. Alitusikiliza kwa huruma, kisha akasema, "Mama, ninyi mnasema mno. Mkiulizwa, semeni lilikwaruzwa tu. Niachieni niweke zulia jipya, nitawauzia kwa bei yenu."

Tungependa kuwaambia kwamba tulimkemea pale pale. Hatukumkemea. Tulimwambia tutafikiri, na usiku ule tulifikiri kweli, maana tarehe ya karo ilikuwa imekaribia. Kilichotuzuia ni jambo la wodini. Mgonjwa aliyevunjika paja akaungwa vizuri anaweza kutembea bila kuchechemea, lakini faili lake haliandikwi upya kana kwamba hakuanguka. Tena tuliona kuwa zile pesa zilizopungua hazikuwa zimeyeyuka hewani. Lazima zitoke katika mfuko wa mtu: wetu, wa mnunuzi asiyejua kitu, au wa aliyetugonga. Dalali alikuwa akitushauri tumbebeshe mnunuzi.

Tukamwendea wakili mmoja, mtoto wa ndugu yetu. Alicheka kidogo, akasema hasara hiyo ina jina: upungufu wa thamani baada ya matengenezo. Bima yetu wenyewe, ingawa ni ile kubwa, haikuifidia. Hiyo hudaiwa kwa aliyekosea. Akatueleza kwamba mwaka 1974, katika kesi ya Payton na Brooks, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali kuwa mtu anaweza kufidiwa hasara hiyo, ila mdai mwenyewe hakupata kitu kwa sababu ushahidi wake haukutosha. "Basi Shangazi," akasema, "msiende na uchungu. Nendeni na karatasi." Katika sheria zetu pia, hasara ya pesa kama hiyo lazima itajwe waziwazi katika madai na ithibitishwe kabisa.

Alipoiona ile nakala yenye maandishi ya pembeni, aliishika kwa mikono miwili. Alisema bila maneno yale manne huenda tungerudishwa mlangoni.

Karatasi ya kwanza tulikuwa nayo bila kujua. Mwezi mmoja kabla ya ajali tulikuwa tumekata bima, na kampuni ikataka gari lithaminiwe, lilipewa 780,000. Ya pili ilibidi tuilipie. Mthamini wa Mombasa alilikagua hadi chini ya zulia. Hakutoa tu bei mpya kutoka ile ya zamani, maana gari lolote hushuka bei kwa miezi inayopita, na hilo si kosa la dereva wa mikate. Aliandika kwamba gari kama letu lisilogongwa lingeuzwa Januari ile kwa 765,000, na letu 655,000. Kwa hiyo deni letu halali lilikuwa 110,000, pungufu ya tulivyokuwa tukinung'unika jikoni.

Tukaandika barua ya madai kwa kampuni ya mikate. Wiki iliyofuata, jioni, yule dereva alibisha hodi akiwa na mkewe aliyebeba mtoto mgongoni. Walikuwa wamesikia kazini kwamba pesa hizo zitakatwa kwenye mshahara wake. "Sista," alisema, "siku ile ulinihesabia mapigo. Mbona sasa?" Chai ilipoa mezani. Tulikumbuka pia kwamba anasali kanisa la jirani, na onyo la Mtume Paulo kwa Wakorintho kuhusu ndugu kushitakiana tunalijua.

Tulimjibu kama tulivyoelezwa: dereva akikosea akiwa kazini kwa tajiri wake, tajiri huwajibika, na ndiyo sababu alikata bima. Kesho yake tuliandika barua nyingine kusema tunaidai kampuni, wala hatumdai kijana, na nakala tukampa yeye. Hatukuondoa madai. Kwa hilo tulilala vibaya siku mbili.

Kampuni ikatoa 30,000. Tukakataa, tukafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujisemea bila wakili, na sheria yataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. (Kwa madai ya ajali namna hii, Kenya hutoa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Msiipoteze mkisubiri kuonewa huruma.) Mawakili wa kampuni walijitetea kwamba bima inayolazimishwa na sheria, Sura ya 405, ni ya vifo na majeraha ya watu, si ya mali. Ni kweli, lakini sisi hatukuishitaki bima. Mwenye kuharibu mali ya mwenzake hudaiwa, awe na bima au asiwe nayo.

Siku nne kabla ya kusikizwa, walitupigia simu wakatoa 95,000 pamoja na gharama ya mthamini. Tukapokea. Safari hii karatasi ya "kamili na ya mwisho" tuliitia sahihi bila kuongeza neno.

Kijana bado anaendesha gari la mikate. Tulimwuliza kama alikatwa mshahara, alisema hapana.

Gari tulimwuzia mwalimu wa shule ya msingi kwa 650,000. Kabla hajauliza, tulimpa abstrakti, risiti za gereji na ripoti ya mthamini. Alizisoma akiwa ameketi kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi. Kisha akashuka, akafungua buti, akainua zulia mwenyewe, akatazama kwa muda mrefu, akalirudisha polepole na kuuliza kama tungeweza kumpunguzia 5,000 za kubadilisha namba za umiliki. Tulikataa.