Anayenyemelea Kanga

Kuna sifa moja ya mwindaji inayonitia hofu kuliko nyingine zote, nayo ni kujua kunyemelea. Wengi mtabisha. Kwenye simulizi zetu mnyemeleaji ndiye fundi, anakanyaga jani kavu na halilii. Sawa, lakini likizo zangu za utotoni nilizimalizia Ivuna, bondeni kwa Ziwa Rukwa (wanasayansi wanaijua kwa kimondo kilichodondoka pale tarehe 16 Desemba 1938, sisi tunaijua kwa chumvi na joto), na pori la kule si la kanga peke yao. Kuna mama anayeokota kuni. Kuna mtoto na ng'ombe zake.

Mtazame kanga mwenyewe: kichwa cha bluu na nyekundu, mwili mweusi wenye madoa meupe. Nguo wanazojifunga mama zetu zinasemekana zilipata jina kutokana na madoa hayo. Sasa mwanamke ameinama nyuma ya kichaka, kanga kiunoni... mnaona ninakoelekea.

Mjomba wangu ana gobore, la leseni. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, ulijuaje kwamba kwenye yale majani kuna kanga?"

"Niliwasikia wanachakura, mwanangu."

"Na kama ni mtu anachimba dawa?"

Akacheka sana. Halafu akanyamaza.

Gobore nalo lina tabia zake. Linashindiliwa kwa mdomoni: baruti, kitambaa, kisha vipande vya chuma, ambavyo vikitoka vinatawanyika. Likishajazwa, njia rahisi ya kulitoa mzigo ni kulifyatua. Kwa hiyo aliyekosa windo anarudi nalo nyumbani hivyo hivyo, limejaa, jua likizama, njia ile ile wanayopita waliotoka kuchota maji.

Marekani wana bata mzinga wa porini, naye kichwa chake ni chekundu, bluu na cheupe. Wawindaji wanaonywa wasivae rangi hizo. Jimbo la Pennsylvania limekwenda mbali zaidi: msimu wa machipuko ndege huyo anawindwa kwa kuitwa tu, kumnyemelea ni kosa. Sababu ni ya kutisha kwa urahisi wake. Ile sauti unayoifuata kwa kunyata huenda ni ya mwindaji mwenzako anayeigiza ndege. Wanafundishwa kukaa chini, mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega, na kusubiri.

Kwetu inawezekana pia. Kiangazi kanga hutembea makundi makundi kufuata maji. Kaa kwa mbali, umwone ndege mzima, kichwa hadi mkia, ndipo uamue. Wapo wanaosubiri usiku wawamulike tochi kanga waliolala mtini. Hao mimi siwaiti wawindaji.

Mjomba haoni raha ya kukaa. Ila siku hizi, kabla hajatoka, hupita kwa majirani kuuliza nani kaenda kuni, na upande gani.

"Tatizo watoto wa ng'ombe," aliniambia. "Wale hawaagi."