Kumtafutia mdogo wangu mwalimu wa Uchumi

Najua nimekaa kimya mno, na wawili watatu mmeshaniuliza kwenye foleni ya kafeteria kama nimedisko. Sijadisko. Nilipata kazi ya pili isiyo na mshahara: kumtafutia mdogo wangu mwalimu wa kumwandaa na mtihani wa Form Six wa mwezi wa tano, anaorudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikadhani itanichukua siku mbili. Mimi si nasoma ualimu jamani, nimezungukwa na walimu watarajiwa mia tatu. Ilinichukua Januari nzima.

Kwanza mjue tulipoanzia. Mdogo wangu alisoma EGM. Matokeo yalipotoka Julai iliyopita alikuwa na Jiografia D, Uchumi E, na Hesabu S. Kwa mtu wa pembeni hayo ni matokeo ya kusema "pole" tu na kuendelea kula. Lakini pigeni hesabu kama wanavyopiga Tume ya Vyuo Vikuu: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Ili uombe digrii unatakiwa uwe na prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. (Waliomaliza 2014 na 2015 walihesabiwa kivingine, madaraja yao yalikuwa tofauti, kwa hiyo kaka zetu wakikupa ushauri waulize kwanza walimaliza lini.) Yeye ana D na E. Tatu. Amepungukiwa pointi moja tu, na hiyo moja ndiyo imemkalisha nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama kukoroga unga wa vitumbua saa kumi alfajiri pale Morogoro.

Diploma alikataa. Akasema anarudia, na akisema jambo yule huwa kasema.

Hela ilikuwa laki mbili na arobaini. Laki na arobaini ni ya mama, kikoba chao kilipovunjwa Desemba, na laki moja ni ya mjomba. Mwalimu wa kumfundisha mtu peke yake niliowauliza wengi walitaja elfu kumi kwa kipindi, kwa hiyo hapo unapata vipindi ishirini na nne. Vipindi viwili kwa wiki, wiki kumi na mbili, mtihani huo. Ukigawa kwa masomo matatu unapata vipindi vinane vinane, yaani hakuna kitu. Ilibidi somo liwe moja.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana mjomba alishaamua. "Hesabu ndiyo iliyomwangusha, mtafutieni mwalimu wa hesabu." Kila mtu kwenye ukoo aliona hivyo. Hata mimi mwanzoni nilikuwa nauliza watu wa hesabu.

Nikaenda kwanza kwenye kituo kimoja cha tuisheni ambacho watoto wote wa Dar wanakisifia. Nikaomba nikae nyuma nisikilize. Jamani, yule kaka anajua kuchekesha! Madawati ya watu wawili wamekaa wanne, wengine wamesimama dirishani, na yeye anaandika ubaoni kama anafukuzwa, huku anapiga kelele "hili linatoka, hili linatoka!" Nilicheka mpaka nikasahau nimeenda kufanya nini. Kuna mtoto mmoja wa nyuma alinyoosha mkono mapema kabisa, akaambiwa subiri mwisho. Mwisho ulipofika kundi lingine lilishajaa mlangoni na mabegi yao, na yule mtoto akakunja daftari akatoka. Nilipompata mwalimu nje nikamuuliza swali ambalo baadaye niliwauliza wote: mwanafunzi huyu siku ya kwanza utaanza naye na nini? Akanijibu, "Sista, mimi naanza na yanayotoka. Mengine ni kupoteza muda."

Simdharau. Kwa mtu aliyekwisha kuelewa na anataka kunolewa tu, pale panafaa na bei yake ni nafuu. Wetu hakuwa huyo.

Wa pili ni wa hapa hapa chuoni, mwaka wa tatu, kichwa kweli kweli, alipata A ya Uchumi na A ya Hesabu, angeweza kufundisha lolote kati ya hayo. Nikamleta mdogo wangu kutoka Kimara kwa shangazi, tukakaa kwenye vimbweta Jumamosi. Jamaa akaanza na unyumbufu wa mahitaji. Dakika ya tatu alikuwa ameshaingia kwenye kutafuta mchepuo, kalamu inakimbia, na mdogo wangu anaangalia ile kalamu badala ya karatasi. Akaulizwa umeelewa? Akasema "nimeelewa."

Waliokwenda BTP wanaijua hiyo "nimeelewa". Ni ya kumhurumia mwalimu ili aache. Nilisikia darasa zima likiniambia hivyo mwaka jana, kisha nikasahihisha madaftari.

Wa tatu sitamzungumzia sana. Aliniletewa na rafiki wa rafiki. Kwenye simu alikuwa na maneno mazuri, akataja vipindi saa moja jioni, nyumbani kwake, kwa sababu "kuna utulivu". Nikamwambia binti hawezi kusoma geto la mtu usiku. Akasema sawa, tutaongea, ila nimtumie picha ya mwanafunzi. Picha ya nini, ndugu yangu? Unamfundisha uso? Nikamfuta kwenye simu. Dada zangu mnaotafutiwa walimu, na nyie mnaowatafutia wadogo zenu, hili lisemeni mapema kabla ya bei: mchana, mahali penye watu. Anayefundisha kweli hatakasirika. Kaka zangu wa kitivo msinune, mnajua hamuhusiki. Wengi wenu.

Kufikia hapo Januari ilikuwa inakata, mjomba anapiga kila jioni kuuliza "hesabu imeanza?", na mimi mwenyewe nina jaribio Jumatatu.

Shangazi ndiye aliyekumbuka kuwa kuna Madam mmoja anasali naye, mwalimu mstaafu, alifundisha Uchumi miaka mingi na amewahi kusahihisha mitihani ya taifa. Tukaenda Mbezi kwa daladala. Tukamkuta barazani anachambua mchele, wajukuu wanacheza kombolela. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, habari za Morogoro. Nikajieleza, kisha nikatoa swali langu, siku ya kwanza utaanza naye na nini?

"Sijui," akasema. "Sijamwona akiandika."

Akamwambia mdogo wangu aingie ndani, achague swali lolote la Uchumi kutoka pepa ya zamani tuliyokuwa nayo, aandike nusu saa. Sisi tukabaki nje tunachambua mchele. Alipotoka, Madam akavaa miwani, akasoma kurasa mbili taratibu, akarudia ya kwanza. Akauliza, "Hapa umeandika bei ikipanda mahitaji yanapungua. Kwa chumvi je?" Mdogo wangu akajibu kwa Kiswahili, harakaharaka, kwamba chumvi hata ikipanda watu watanunua kiasi kilekile maana hakuna cha kuweka badala yake, lakini mama akipandisha kitumbua kimoja kutoka mia hadi mia na hamsini wateja wanavuka barabara kwa yule mama mwingine. Madam akamtazama. "Sasa mbona hayo hukuyaandika?"

Kimya. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kwa Kiingereza yanakuwa hayaji."

Wadau, nasoma ualimu mwaka wa pili huu, nimeshaandika kazi mbili nzima kuhusu lugha ya kufundishia, shule ya msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza, na kadhalika na kadhalika. Na sikuwahi kuliona kwa mdogo wangu ninayelala naye kitanda kimoja likizo. Madam alilitoa kwa pepa moja na chumvi.

Kisha akauliza alama zake. Nikamtajia, nikamwambia na msimamo wa mjomba. Akachukua kalamu akaandika nyuma ya pepa yetu. S ni kati ya 35 na 39. D inaanza 50. Kwa hiyo Hesabu inadai aongeze alama 11 mpaka 15, na akiishia E hajapata kitu, kwa sababu D ya Jiografia na E ya Hesabu bado ni tatu ileile. Uchumi ana E, yaani yuko kati ya 40 na 49. Anahitaji kuongeza moja mpaka kumi tu afike D, na D mbili ni pointi nne. Jiografia nayo ikipanda kutoka D kwenda C inatosha peke yake, tatu na moja ni nne. "Hesabu asiache kufanya mazoezi," akasema, "lakini hela ya mama yake usiipeleke kwenye mlango mrefu wakati kuna milango miwili mifupi."

Jiografia ndilo somo langu la kufundishia. Kwa hiyo mlango mmoja ni wa bure, Jumapili mchana, kwa shangazi.

Kumwambia mjomba ndiyo ilikuwa kazi. Nilipiga picha ile karatasi nikamtumia WhatsApp, nikaandika maelezo marefu ya heshima, shikamoo mbili. Tiki zikawa bluu, akanyamaza siku nzima. Nilijua laki imekwenda. Kesho yake jioni ikaingia kwenye simu bila neno lolote, na mpaka leo hajasema kama alikubali au alichoka kubishana na mimi.

Vipindi vilianza Februari. Madam hafundishi kama tulivyozoea. Mdogo wangu anaeleza jambo kwanza kwa Kiswahili, kwa mdomo, mpaka Madam aridhike. Ndipo analiandika kwa Kiingereza, sentensi fupifupi, na kila hoja lazima iwe na mfano wa hapa kwetu, korosho, kikoba, nauli ya daladala, chochote. Mchoro bila kutaja mistari miwili ya pembeni inapima nini, haangalii kabisa, anaurudisha. Na kila wiki wanasoma kidogo zile ripoti za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa swali kwa swali. Ziko bure kwenye tovuti yao, zina mpaka vipande vya majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono. Nimeuliza darasani kwetu ni wangapi wamewahi kuzifungua, wakanyoosha mikono watu wanne. Na sisi ndio tunaokwenda kufundisha.

Hesabu anafanya mwenyewe, topiki alizozichagua, takwimu na upangaji wa mstari. Ikipanda tutashukuru.

Sitawadanganya kwamba mambo yamenyooka. Kuna wiki mvua ilimkwamisha Kimara akakosa kipindi, kuna siku alinipigia analia kwamba rafiki zake wa shule wako mwaka wa kwanza wanapiga picha na gauni za kukaribishwa na yeye anaandika insha kuhusu chumvi. Nilimsikiliza tu. Ningemwambia nini?

Jumamosi iliyopita kaandika swali zima kwa muda wa mtihani, bila daftari. Madam kampa 11 kati ya 20, wino mwekundu. Mtoto akabishana, akasema alistahili 13, na Madam akamwambia alete hoja kwa maandishi kipindi kijacho. Anaziandika sasa hivi. Kwa Kiingereza.

Nilimpigia mama usiku ule. Alisikiliza, kisha akauliza, "Kumi na moja ni nyingi au kidogo?"

Nikamwambia ni D, mama. Akauliza vimebaki vipindi vingapi. Nikamwambia tisa.

Haya, mwenye pepa za Uchumi za miaka ya nyuma zenye maswali yote, asiwe na zile zilizochanika katikati, anitafute. Nipo hosteli ileile, jioni baada ya saa kumi na mbili.