Barua kwa mwalimu aliyekuadhibu

Wiki ya pili sasa nina barua mezani ambayo sijaijibu. Imeandikwa kwa mkono, kalamu ya bluu, kwa Kiingereza kilichonyooka. Ni ya mwalimu wangu wa shule ya bweni. Amestaafu, macho yamepungua nguvu, anasema akisikia jina langu limetoka gazetini humwambia mkewe asome kwa sauti.

Mwalimu huyu ndiye aliyenifundisha kuandika. Ndiye pia aliyenivisha kibao shingoni siku nzima nikiwa darasa la tano, kosa langu kuongea Kiswahili. Na habari anazosomewa leo naziandika kwa Kiswahili!

Badala ya kujibu nimekuwa nikisoma. Ndivyo tulivyo waandishi, kazi ikituwia nzito tunasingizia utafiti. Nimejikuta Hawaii.

Mwaka 1839 Mfalme Kamehameha III aliwakabidhi wamisionari wawili wa Kimarekani, Amos Cooke na mkewe Juliette, watoto wa machifu wawalee na kuwafundisha mjini Honolulu. Walikuwa 16 kwa jumla. Watano kati yao walikuja kutawala visiwa vile, wa mwisho akiwa Malkia Liliuokalani. Hebu fikiria, nchi nzima kuweka viti vyake vya enzi mikononi mwa mke na mume waliofika miaka miwili tu kabla!

Walifundishwa Kiingereza, Biblia, hesabu na muziki. Cooke aliandika shajara, na hakuficha kwamba aliwachapa. Mkewe aliwaandikia ndugu zake Marekani barua nyingi kuhusu watoto hao. Liliuokalani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1898, anakumbuka kwamba chakula cha usiku mara nyingi kilikuwa kipande kinene cha mkate uliopakwa molasi, basi. Walilala na njaa. Walichimbua mizizi bustanini wakajipikia kwa siri. Aliyesoma bweni hahitaji kuelezwa zaidi.

Ungedhani watoto hao walikua wakiwachukia walimu wao. Mambo hayakuwa rahisi hivyo.

Mchukulie Bernice Pauahi. Wazazi wake walitaka aolewe na Lot, mtoto wa kifalme aliyesoma naye pale pale. Mwaka 1849 binti akaandika barua kwa baba yake Lot, akasema ni afadhali wamnunulie jeneza wamzike kuliko kumposa kwa Lot. Lot naye, muungwana, akaandika kumwachilia. Mwaka 1850 Pauahi akaolewa na Charles Bishop, Mmarekani aliyempenda. Wazazi wakasusa. Harusi ilifungwa wapi? Sebuleni kwa akina Cooke. Baadaye alipatana na wazazi wake. Aliposafiri kwenda mbele ya haki mwaka 1884, wosia wake ulitoa ardhi yake kubwa kuanzisha shule za watoto wa Hawaii, na kati ya wadhamini watano wa kwanza alikuwemo mtoto wa walimu wake.

Au Emma na Peter Kaeo, binamu wawili wa shule ile ile. Emma akawa malkia. Peter akapata ukoma, mwaka 1873 akapelekwa kwenye makazi ya wagonjwa Kalaupapa, kisiwani Molokai. Miaka mitatu waliandikiana, umbea wa ikulu, siasa, maumivu, upendo. Kwa lugha gani? Sehemu kubwa Kiingereza, kile cha shuleni, wakichomeka Kihawaii katikati. Kalamu waliyopewa na wamisionari ndiyo iliyowafariji.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1851 Cooke aliingia kwenye biashara na mwenzake, na kampuni yao ikaja kuwa moja ya tano kubwa zilizoushika uchumi wa sukari visiwani. Mwaka 1893 Liliuokalani alipinduliwa, na miongoni mwa wapinduzi walikuwemo watoto na wajukuu wa wamisionari. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia mashuleni. Mwaka huo huo Mama Cooke akafariki Honolulu, akiwa ameshuhudia mwanafunzi wake aking'olewa. Mwaka 1898 Marekani ikavimeza visiwa.

Nilikuwa natafuta jibu rahisi, wamisionari wema au wamisionari wezi. Sikulipata. Mkono uliotoa kalamu ndio uliokata ulimi, na watoto wale walilijua hilo kuliko mimi. Walipenda wakiwa macho wazi. Liliuokalani aliandika njaa yake bila kuificha, kwa Kiingereza kizuri alichofundishwa na waliomlaza njaa.

Jana usiku nilichukua karatasi. Nilikusudia kuanza kwa "Dear Sir", kama alivyotufundisha, anwani juu kulia, tarehe chini yake. Mkono ukagoma. Nikaandika, "Shikamoo Mwalimu." Nikamshukuru kwa kila sentensi ninayoijua. Halafu nikamkumbusha kile kibao.

Bado sijaituma. Wewe msomaji, ungeituma?