Siku Nane Kisiwani Ukara

Katika vijiji vyetu vya bara mtu hasafiri bila sababu. Ukimwona jirani amefunga mzigo wake alfajiri utamwuliza, "Kwema huko uendako?" naye atakujibu kwamba aenda msibani, au arusini, au kumwuguza ndugu yake, au kudai fedha zake za pamba. Asemaye kwamba aenda kupumzika tu, watu humtazama mara mbili, wakidhani kwamba liko jambo alifichalo. Hivyo ndivyo tulivyotazamwa sisi mwezi wa Desemba mwaka 2014, tulipowaaga wazee wetu, tukasema kwamba twaenda ziwani kukaa siku nane na kurudi.

Tulikuwa watu watano. Sisi wenyewe tulikuwa watatu, mume na mke na mtoto wetu wa miaka mitatu. Wenzetu walikuwa wawili, mwalimu mwenzetu wa shule ile ile na mkewe, ambao walikuwa wameoana mwaka ule ule. Mwalimu yule ni Mkara, mzaliwa wa kisiwa cha Ukara, lakini mkewe alikuwa binti wa kijiji chetu, nasi tulimwita Shemeji. Shemeji alilelewa kati ya pamba na mibuyu, na katika maisha yake yote hakuwa ameona maji mengi kuliko lambo la kunyweshea ng'ombe.

Tulipanda meli Mwanza kwenda Nansio, na safari hiyo huchukua yapata muda wa saa tatu na nusu. Meli ilipokwisha kuliacha gati, na vilima vya mawe vya Mwanza vikaanza kuwa vidogo, Shemeji aliyapa maji kisogo, akaushika mkono wa mke wetu kwa nguvu hata kucha zake zikaacha alama. Hakulia wala hakulalamika. Ila kila baada ya kitambo kidogo aliuliza, bila kufumbua macho, "Nchi imeonekana?" Nasi tulimjibu, "Bado, Shemeji." Mumewe alitaka kucheka, akajizuia. Hata Ukerewe ilipoonekana kweli, tulimwambia, naye akafumbua jicho moja, akaitazama, akasema, "Mbona ni mbali?" akalifumba tena. Hapo tulicheka sote, na yeye mwenyewe akacheka akiwa amefumba macho.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kupita vyote vya Ziwa Viktoria, ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 530. Siku ya pili mwenzetu alitupeleka Kagunguli, akatusimulia habari za mzee Aniceti Kitereza, aliyesoma kwa wamisionari, akakaa huko miaka mingi. Mzee yule aliona kwamba desturi za wazee wake zaanza kusahauliwa, akazitia zote katika hadithi ya mtu na mkewe, Myombekere na Bugonoka. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuipiga chapa, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Ilipigwa chapa mwaka 1980, naye akafa mwaka 1981. Hakubakiwa na mtoto wa kumzaa, lakini habari alizoziweka zingaliko. Mwenzetu alisema haya kwa heshima kubwa, na Shemeji akamwuliza, "Miaka thelathini na mitano alingoja tu?" Akajibiwa, "Hakungoja tu. Alizitunza karatasi zisiliwe na mchwa."

Toka hapo tulikwenda Bugolora, upande ule wa Ukerewe unaoelekea Ukara, tukapanda kivuko kilichoitwa Nyerere, tukavuka mpaka Bwisya. Shemeji aliuliza neno lake lile lile mara nne.

Ukara ni kisiwa kidogo, kama kilomita za mraba 80, na watu wake ni wengi kwa kadiri ya nchi yao. Kwa hiyo Wakara hawana desturi ya kuacha shamba lipumzike miaka mingi kama sisi. Ng'ombe wao hukaa zizini ndani ya ua, hukatiwa majani na kuletewa, na samadi yao hubebwa kichwani mpaka shambani, kidogo kidogo, mwaka mzima. Hata nyasi za mifugo hupandwa kando ya ziwa kama mazao, na kila mti una mwenyewe. Sisi watu wa bara, ambao ng'ombe wetu hutembea kutwa nzima kutafuta malisho, tulistaajabu sana. Shemeji alipopewa mundu aende pamoja na wifi yake kukata majani, alitunong'oneza, "Ng'ombe wa huku wanatunzwa ndani kama bibi arusi!" Neno hilo lilimfikia mama mkwe wake, nasi tuliogopa kwamba atakasirika. Lakini yule mama alicheka hata akakaa chini, na tangu saa ile Shemeji hakuwa mgeni tena katika nyumba ile.

Siku zilikuwa hivyo. Asubuhi kazi kidogo, mchana samaki na ugali wa muhogo, jioni mazungumzo. Tulipelekwa kulitazama lile jiwe kubwa lililokaa juu ya mawe mengine, ambalo wenyeji husema kwamba hucheza. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa walitoka na taa zao, na taa zile zilipotapakaa majini ulidhani kwamba ni mji mkubwa. Baba wa mwenzetu aliketi nasi nje akizitazama. Yeye aliijua miaka kwa habari za ziwa, na mwaka 1996 kwake ulikuwa mwaka wa meli ya Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Alisema, "Ziwa ni shamba letu, lakini shamba hili halimjui mwenyewe." Kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza.

Siku ya sita wifi yake Shemeji alimshika mkono, akampandisha katika mtumbwi mdogo, mahali ambapo maji hayapiti kifua. Alimpa kafi. Mara ya kwanza mtumbwi ulizunguka kama jiwe la kusagia. Mara ya pili ulikwenda ubavu. Mara ya tatu ulikwenda mbele, labda hatua ishirini, na Shemeji akapiga kelele za furaha hata watoto wa pwani ile wakaja mbio. Sisi tulimpiga picha wakati ule. Ameinua kafi juu, nguo zimelowa, kinywa ki wazi kwa kicheko, na mtoto wetu amesimama majini mbele yake akipiga makofi.

Tulirudi kwetu siku ya nane. Watu waliuliza tumeleta nini, tukasema dagaa gunia moja na machungwa ya Ukerewe. Hatukuwa na neno jingine la kueleza tulichokipata huko.

Mwaka 2016 Shemeji alimzaa binti. Mwaka 2017 mwenzetu aliomba kuhamishiwa Ukara, kwa kuwa baba yake alikuwa amezeeka, nao wakahamia huko. Tarehe 20 Septemba mwaka 2018, siku ya Alhamisi, Shemeji alivuka kwenda Bugolora gulioni, akamwacha mtoto kwa bibi yake. Wakati wa kurudi kivuko cha Nyerere kilikuwa kimejaa watu na mizigo. Kilijengwa kuchukua watu 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, mahali ambapo watu wa nchi kavu waliweza kuwaona waliomo. Walikufa watu zaidi ya 220, na waliookoka ni kama 40 tu. Rais Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na nchi nzima iliomboleza. Shemeji alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Ndipo tulipokwenda Ukara mara ya pili. Safari hii hapana jirani aliyetuuliza sababu. Tulipita njia ile ile, tukaona mawe yale yale, na mama yule aliyecheka hata akakaa chini tulimkuta amekaa chini tena.

Baada ya arobaini mwenzetu alimleta binti yake bara kwa bibi mzaa mama, yeye akarudi kwenye shule yake. Kila likizo alikuja kumtazama. Mtu yule, ambaye zamani hakuweza kukaa robo saa bila kusimulia jambo, alikuwa hasemi lolote juu ya siku zile. Siku moja aliiona picha ukutani mwetu, akageuza uso. Tuliishusha, tukaiweka katika sanduku kati ya nguo, nasi hatukumwuliza, maana kila mtu ana njia yake ya kuubeba mzigo wake.

Mtoto akakua. Mwaka 2024 alikuwa na miaka minane, mwanafunzi katika shule yetu, mwepesi wa hesabu na mzito wa maneno. Babu yake wa Ukara akatuma habari kwamba ni mzee sasa, ataka kumwona mjukuu wake kabla macho hayajafumba. Ikapangwa kwamba likizo ya Juni baba yake aje amchukue. Mtoto alikataa. Alipoulizwa kwa nini, alinyamaza. Bibi yake alimbembeleza, akanyamaza vile vile.

Jioni moja alikuwa kwetu, akichambua choroko pamoja na mke wetu. Bila kuinua macho akauliza, "Mama mkubwa, mama yangu alikuwa anaogopa maji?"

Wasomaji, lilikuwa swali dogo, nasi tulikuwa na jibu lake sandukuni. Lakini jibu lile lilikuwa la baba yake kabla ya kuwa letu. Tukampelekea habari kwa simu, kwamba mtoto ameuliza hivi, je, tumwambie? Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu alijibu kwa maneno machache, "Mwambieni. Ninyi mlimwona akicheka."

Basi tukaitoa picha. Kwa jioni tatu tulimsimulia yote, habari za meli, na "Nchi imeonekana?", na ng'ombe waliotunzwa kama bibi arusi, na mtumbwi uliozunguka. Mtoto alisikiliza kama asikilizaye hesabu ngumu. Jambo alilotaka kurudiwa zaidi ni lile la jicho moja kufumbuliwa na kufumbwa tena. Alilijaribu mwenyewe, akacheka, na kicheko kile tulikijua.

Jioni ya tatu baba yake aliwasili, akakaa mlangoni, akatusikia tukisema kwamba mama yake aliogopa siku tano, na siku ya sita akaacha kuogopa. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Hapana. Hakuacha. Hata tulipohamia Ukara, kila tulipovuka alinishika mkono, akafumba macho, akaniuliza, 'Nchi imeonekana?' Mara zote. Aliogopa, na akavuka."

Hilo sisi hatukulijua. Mtoto alimtazama baba yake, akauliza, "Na ukimwambia imeonekana?"

"Alifumbua jicho moja," akasema, na hapo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2018 tukamwona akicheka habari za mkewe, ijapokuwa machozi yalikuwa yakimshuka.

Juma lile mtoto alikwenda Ukara. Tuliambiwa kwamba alivuka akiwa ameushika mkono wa baba yake kwa nguvu sana. Babu alimwona. Alikaa huko wiki mbili, akarudi na dagaa kwa bibi yake, na habari nyingi za ng'ombe wakaao ndani.

Wasomaji wapenzi, ziko desturi zinazotufundisha kunyamaza juu ya marehemu, na desturi hizo zina hekima yake, kwani jeraha bichi halishikwishikwi. Lakini kila nyumba iliyofiwa ina pia mtoto aliyekuwa mdogo mno, ambaye hakubakiwa na lolote la kukumbuka. Huyo hana jeraha tu, ana na njaa. Yeye ajua siku ambayo mama yake alikufa, maana watu wote huitaja siku hiyo, nayo ina tarehe na hesabu. Siku ambazo mama yake alicheka hazina tarehe katika gazeti lolote. Zimo katika vichwa vya jirani na rafiki, nasi hao tutakufa, zikafa pamoja nasi.

Twaziona siku zile nane kwa namna mbili sasa. Utamu wake haukupungua, na uchungu umeingia ndani yake kama chumvi iingiavyo katika mboga, hata huwezi tena kuitoa. Tungeweza kuzifungia sandukuni ili tusiumie. Lakini zilikuwa amana, na mwenye amana alikuwa binti wa miaka minane. Kama kwenu iko amana ya namna hiyo, habari ya mtu aliyekufa akiwa amewaacha wadogo, mtafuteni mwenyewe mapema, mtakeni idhini yule anayestahili kuombwa, kisha mwambieni mtoto yote, pamoja na yale ya kuchekesha. Na yule mzazi aliyebaki akiwa karibu, mwachieni nafasi mlangoni, maana huenda anajua neno moja ambalo ninyi hamkulijua.