Mgeni Nyumbani Kwake

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa kwa utani, lakini imo ndani yake tiba ambayo nyumba nyingi za Unguja huikosa pale mgonjwa wa kiharusi anaporudi kutoka hospitali. Kwani huenda wapi mgonjwa huyo? Ziko nchi ambako hupelekwa kwenye vituo vya mazoezi, akakaa humo kwa majuma kadhaa. Visiwani, aghalabu, kituo ni ukumbi wa nyumba yake, na wauguzi ni mkewe, wanawe na wakwe.

Mshona kanzu mmoja wa Mji Mkongwe alirudi hivyo, upande wa kulia umelala na ulimi umefungika. Nyumba yake ni ya ghorofa, na ngazi zake ni kali. Basi akatandikiwa chini, karibu na mlango, mahali wanapokaribishwa wageni. Na kama mgeni ndivyo alivyotendewa. Alilishwa, akaogeshwa, akavishwa. Kila alipounyoosha mkono wa kushoto kutaka kijiko, bintiye alikiwahi: "Tulia, baba, nitakulisha mimi." Hakuna aliyekusudia ila wema.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ameyaeleza ya lazima: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda, asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza, kwani bega huumia, ale akiwa ameketi wima, chakula kisije kikampalia. Hayo yalishikwa. Neno lake la mwisho ndilo lililopotea: kila awezalo kulifanya mwenyewe, aachiwe alifanye. Kiharusi huua sehemu ya ubongo kwa kuinyima damu, au kwa damu kuvujia humo. Iliyokufa haifufuki, lakini zilizosalia huweza kujifunza sehemu ya kazi yake, nazo hujifunza kama mtoto wa chuoni: kwa kurudia. Miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa, japo baada yake mavuno hayakomi.

Ulimi nao ulikuwa na fumbo lake. Mzee hakuweza kuomba maji, lakini alfajiri moja mkewe alimsikia akisoma Alhamdu, aya kwa aya, bila ya kukwama. Nyumba nzima ikashangilia. Alipoulizwa anataka chai au uji, akajibu, "Leo", neno pekee alilobakiwa nalo. Jambo hili si geni kwa matabibu. Katika karne ya 18, Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za mtu asiyeweza kusema, ilhali aliweza kuimba nyimbo za kanisani. Yaliyohifadhiwa moyoni kwa sauti na mahadhi mara nyingi husalia pale maneno ya kutungwa papo hapo yanapopotea.

Jioni wenzake wawili walimbeba kwa kiti hadi barazani, wakamwekea bao. Alicheza kwa mkono wa kushoto, kete zikimponyoka, na kila siku akashinda. Walikuwa wakimwachia. Hakuna aliyethubutu kuila nyumba yake, lile shimo ambalo mchezaji hulilinda kuliko yote. Juma la pili akagundua. Aliusukuma ubao, kete zote 64 zikatapakaa barazani, akapaza sauti, "Leo! Leo!" mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Wenzake waliinama kuokota. Mkewe, aliyekuwa akisikia kutoka ukumbini, akawazuia. Alileta bakuli, akaliweka mapajani mwa mumewe. "Bwana, umezimwaga wewe, zikusanye wewe." Bintiye alilia kwa uchungu, akiona mama yake amekuwa na moyo wa jiwe. Mzee aliinama, akaokota moja, ikamponyoka, akaiokota tena. Adhana ya magharibi ilimkuta bado hajamaliza, na hakuna aliyemsaidia.

Tangu usiku ule kijiko ni chake, hata kama nusu ya uji humwagikia kifuani. Mkono wa kulia haukurejea kwenye cherehani, na maneno yaliyorudi ni machache. Lakini barazani nyumba yake huliwa kama nyumba ya mchezaji mwingine yeyote, naye huondoka pale amenuna, kama mwenyeji.